Ukimya wa viti kumi na vinne

NA MWANDISHI WETU

Matatu ilipoiacha Mau Summit na kuanza kuteremka kuelekea Sachangwan, mshale wa mwendo ulikuwa umelalia upande wa kulia na haukuwa na dalili ya kurudi. Mbele yetu kulikuwa na trela la mafuta. Dereva hakungoja kona iishe. Alitoka upande wake, akakanyaga mafuta, na kwa muda nilioupima kwa pumzi zangu tulikuwa sambamba na trela, huku basi likitujia uso kwa uso na taa zote zimewaka.

Tulipita. Makanga akapiga mlango kwa kiganja mara mbili, na muziki ukaendelea.

Humo ndani tulijaa viti vyote kumi na vinne. Mama aliyeketi kando yangu alikuwa amembana mwanawe begani hadi mtoto akalalamika. Mzee wa kiti cha nyuma alimtaja Mungu kwa sauti ya mtu anayejisemea. Kijana mmoja aliyevaa suti alitoa kisikizi sikioni, akatazama huku na huku, akakirudisha. Mimi, ambaye mkate wangu ni kuuliza maswali, niligeukia dirisha. Hakuna aliyemwambia dereva hata neno.

Si kwamba hatukuijua barabara ile. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, pale Migaa, jirani na Sachangwan, basi na lori ziligongana na watu 36 wakafa. Serikali ikapiga marufuku mabasi kusafiri usiku. Abiria wa njia hiyo huitaja Migaa kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja jina la marehemu. Habari tulikuwa nazo. Tulikosa mtu wa kuanza.

Tuliposhuka Nakuru, yule mama aliniambia alikuwa akingoja mmoja wetu wanaume aseme. Sisi wanaume, kwa upande wetu, tulikuwa tukingoja mmoja mwingine.

Sheria ya Michuki, na baada yake

Kenya imejaribu mengi kuwatuliza madereva. Linalokumbukwa zaidi ni la Februari 2004, wakati waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, alipoanza kutekeleza kanuni zilizobeba jina lake hadi leo: mikanda kwa kila kiti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, sare kwa wahudumu na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Kwa miezi kadhaa nchi ilipumua. Kisha mikanda ikaanza kuchakaa, vidhibiti mwendo vikakutana na mafundi wanaojua waya upi wa kukata, na abiria wa kusimama wakarudi.

Leo hali si nyepesi. Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya, kwa hesabu ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA. Duniani, Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo takriban milioni 1.19 kwa mwaka.

Kati ya sheria inayolegea na polisi wasiotosha kusimama kila kona, wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, waliuliza swali ambalo mtu wa kawaida angelicheka. Vipi ikiwa askari wa trafiki anayehitajika tayari yumo ndani ya gari, ameshalipa nauli, na ana sababu nzito kuliko mtu yeyote ya kutaka kufika salama?

Walichofanya ni kubandika karatasi. Vibandiko vilitiwa ndani ya matatu za masafa marefu, mahali ambapo abiria hawezi kuvikwepa, vikiwa na maneno ya Kiswahili na Kiingereza yaliyomhimiza aseme pindi dereva anapoendesha vibaya. Zaidi ya magari 1,000 yaliyochaguliwa bila upendeleo yalibandikwa, mengine yakaachwa yalivyokuwa ili kulinganisha. Ili wahudumu wasivibandue, madereva waliokutwa navyo vikiwa salama waliingizwa katika bahati nasibu ya fedha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika magari yasiyo na vibandiko, karibu gari moja katika kila kumi lilipeleka dai la bima kwa mwaka. Katika yaliyobandikwa, madai yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Madai yenye majeruhi au vifo yalipungua kwa angalau nusu. Miezi minane baada ya kuanza, madereva walipohojiwa, majibu yao yalionyesha kuwa kelele za abiria zilichangia.

Uzuri wa utafiti huu, kwa maoni yangu, ni mahali walipochukua hesabu. Hawakumwuliza abiria kama ameanza kuwa jasiri, maana sote tu majasiri mbele ya mtu mwenye karatasi ya maswali. Walikwenda kwenye vitabu vya bima, ambavyo havikujua gari lipi lina kibandiko. Udhaifu nao uko hapohapo: magari yanapokwaruzana barabarani, mengi humalizana papo hapo kwa noti mbili tatu na kusameheana, na hayo kampuni ya bima haiyajui.

> Redio ilimfikia kila mtu peke yake. Kibandiko kiliwakuta watu wameketi pamoja.

Redio iliyosikika bila kusikilizwa

Jaribio la pili lilikuwa kubwa zaidi: magari 12,000 hivi, na ripoti yake ikatoka mwaka 2015. Safari hii watafiti walitengeneza vibandiko vya namna mbalimbali ili wajue ni kipi hasa kinachofanya kazi. Vingine vilikuwa na picha za kutisha, vingine maneno matupu. Vingine vilimsemesha abiria mmoja, vingine viliwasemesha wote kama kundi. Kando ya vibandiko kukawa na matangazo ya redio.

Madai ya bima yalipungua kwa kati ya robo na theluthi moja. Watafiti walikadiria ajali 140 pungufu kwa mwaka. Mwendo wenyewe ulishuka kwa kilomita moja au mbili tu kwa saa, kiasi ambacho abiria hawezi kukihisi, lakini kwenye mteremko kama ule wa Sachangwan hiyo ni mita chache za kufunga breki.

Mambo mawili katika ripoti ile yalinikalia moyoni kuliko hesabu ya jumla. La kwanza, ujumbe uliowaita abiria waseme kwa pamoja ulifanya kazi kuliko mwingine. La pili, matangazo ya redio hayakuonyesha athari yoyote inayoweza kupimika kwenye madai ya bima.

Hilo la redio liwaumize kichwa wote wanaotengeneza kampeni za uhamasishaji katika nchi hizi. Tumezoea kuamini kwamba mtu hafanyi jambo kwa sababu hajaelimishwa. Basi tunamwelimisha: bango, tangazo, fulana, semina yenye chai na mandazi. Lakini mama wa Sachangwan hakuwa na upungufu wa elimu. Alijua hatari kuliko dereva. Alichokosa ni kujua kwamba mimi naye tunaona kitu kimoja.

Kibandiko kinachosomwa na watu kumi na wanne kwa wakati mmoja kinampa kila mmoja hakika hiyo. Ninajua kimesomwa na jirani yangu. Ninajua anajua nimekisoma. Nikisema, sitaonekana kichaa wala mshamba aliyepanda gari kwa mara ya kwanza.

Baadaye mpango huo ukaenea nchini kwa jina la Zusha!, kwa ushirikiano wa NTSA na fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID. Jina lina ujanja wake. Kwa Kiswahili cha kamusi, mzushi ni mtu wa kuepukwa, mwenye kubuni yasiyokuwapo na kuwasha moto asiouzima. Kwa Kiswahili cha vijana wa Nairobi, kuzusha ni kukataa kuonewa. Tanzania, kampeni ya mtindo huo iliitwa Abiria Paza Sauti, na nadhani walichagua vyema, kwa sababu konda wa daladala angekuwa na jibu tayari kwa abiria anayejiita mzushi.

Moshi chumbani

Ukimya wa kundi, kama ule wa matatu yetu, una historia ndefu katika maabara. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaweka wanafunzi katika chumba wajaze fomu, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Mwanafunzi aliyekuwa peke yake, mara tatu kati ya nne, alitoka kutoa taarifa. Aliyeketi na watu wawili waliopangwa mapema wajifanye hawaoni kitu, alitoka mara moja tu kati ya kumi. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakaendelea kujaza fomu.

Utafiti wao ulichochewa na kuuawa kwa mwanamke mmoja, Kitty Genovese, mjini New York mwaka 1964, tukio ambalo gazeti la New York Times liliandika kwamba mashahidi 38 walilitazama bila kufanya lolote. Baadaye ilibainika kwamba habari ile iliongezwa chumvi. Mashahidi wengi hawakuona kilichokuwa kikitendeka, na wapo waliosema walipiga simu polisi. Sisi waandishi tuna deni hapo.

Tena, ukimya si hukumu ya milele. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa picha za kamera za mitaani katika miji mitatu, Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika ugomvi 219 walioutazama, mara tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia kati. Watu walipokuwa wengi, uwezekano wa kupata msaada uliongezeka.

Unaweza kudhani matokeo hayo yanapingana. Siyaoni hivyo. Ugomvi wa mtaani uko wazi: ngumi ni ngumi, na kila mtu anaona mwenzake ameiona. Moshi mwembamba, au dereva anayepita trela kwenye kona, huacha nafasi ya shaka. Pengine ndivyo wanavyoendesha huku. Pengine yeye anaijua barabara. Kila mmoja anasoma uso wa mwenzake, na kila uso umekunjwa vizuri usisomeke.

"Mmeelewa?"

Nani kati yetu hakusoma katika darasa ambalo mwalimu aliandika ubao mzima, akageuka, akauliza kama tumeelewa, na darasa likaitikia ndiyo kwa sauti moja ya kuvuta? Mimi niliitikia ndiyo kuhusu logarithimu muhula mzima. Matokeo ya mtihani yalisema vingine, tena si yangu peke yangu.

Mwaka 1987 Dale Miller na Cathy McFarland waliwapa wanafunzi wa chuo makala iliyoandikwa kwa makusudi isieleweke, wakawaambia anayekwama aende kumwuliza mtafiti. Hakuna aliyekwenda. Kila mmoja alijua kwamba yeye mwenyewe aliogopa aibu. Lakini alipofikiria kwa nini wengine nao hawakuuliza, alidhani wao wameelewa kuliko yeye.

Matatu na darasa ni chumba kimoja. Na dawa ya darasani inafanana na kibandiko: kuondoa lile swali linalomtaka mtu mmoja asimame mbele ya wote. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1991 kuwapa wanafunzi swali, wapigie kura jibu kila mmoja, kisha wageukiane wabishane na jirani kabla ya kupiga kura tena. Mtindo huo haudai mitambo. Mwalimu wa Turkana au Kigoma mwenye wanafunzi themanini anaweza kuufanya kwa vidole vya mikono.

> Abiria anaombwa awe askari katika gari ambalo askari wenyewe wamelipungia mkono lipite.

Dereva naye ana lake

Wapo wasiovutiwa na habari hizi za vibandiko, na hoja zao zina uzito.

Anza na dereva. Wengi katika biashara hii hawana mshahara. Asubuhi wanachukua gari, jioni wanampelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana, na kinachozidi baada ya mafuta ndicho ugali wa nyumbani. Mteremko wa Sachangwan kwa kasi ile ni safari moja ya ziada kabla ya giza. Hakuna kibandiko kinachogusa hesabu hiyo.

Kisha kuna kizuizi cha polisi, ambako gari lililojaa kupita kiasi husimama nusu dakika, mkono ukatoka dirishani, na safari ikaendelea. Kumwambia mama mwenye mtoto apaze sauti, ilhali dola yenye bunduki na kitabu cha sheria imenyamaza, ni kuhamisha mzigo kutoka mgongo mpana hadi mwembamba. Na mama huyo anajua kinachoweza kumpata. Makanga atamwambia ashuke akanunue gari lake. Wapo walioshushwa gizani.

Hoja hii imeanza kusemwa hata na wanasayansi wa tabia wenyewe. Mwaka 2022 Nick Chater na George Loewenstein, wawili kati ya wakongwe wa fani hiyo, waliandika kwamba wao na wenzao walipoteza muda mwingi wakijaribu kumrekebisha mtu mmojammoja na kusahau mfumo unaomzunguka. Mbaya zaidi, walisema, wenye mfumo hupenda tuzungumzie mtu mmojammoja, kwa sababu hapo wao wanabaki salama.

Na kuna suala la namba kushuka. Ona tulikotoka: nusu hadi theluthi mbili katika jaribio la kwanza, robo hadi theluthi katika la pili. Si ajabu ya Kenya pekee. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walikusanya majaribio 126 ya vitengo viwili vikubwa vya sayansi ya tabia vya Marekani, yaliyowagusa watu milioni 23. Majaribio ya wasomi yaliyochapishwa kwenye majarida yalikuwa yakiongeza tabia njema kwa wastani wa pointi 8.7 za asilimia. Ya vitengo hivyo, yakihesabiwa yote, yaliyofana na yaliyoanguka, yaliongeza pointi 1.4 za asilimia. Majarida hupenda habari njema, kama wahariri wetu wanavyopenda habari mbaya.

Fani hii imepata aibu pia. Makala mashuhuri ya mwaka 2012, iliyodai kwamba mtu akitia sahihi juu ya fomu badala ya chini husema ukweli zaidi, ilifutwa mwaka 2021 baada ya kugunduliwa kwamba sehemu ya takwimu zake ilikuwa ya kubuni. Nayo, kwa kejeli ya dunia, ilitumia takwimu za bima ya magari.

Kazi ya karatasi

Baada ya kuwasikiliza wote hao, mimi bado niko upande wa kibandiko, ila si kwa sababu zinazotolewa na wafadhili.

Wao husifu unafuu wake, na kweli ni nafuu: kwa vibandiko vilivyofanya kazi vizuri zaidi, watafiti walikadiria kati ya dola 10 na 45 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa. Ni bei ambayo waziri yeyote wa fedha angepaswa kuikimbilia. Lakini unafuu ndio unaowapa viongozi kisingizio cha kuacha yaliyo ghali, kama mishahara ya madereva, mizani, barabara yenye ukuta katikati, na askari asiyenyoosha mkono.

Mimi nakisifu kwa sababu kilithibitisha jambo ambalo mabaraza na semina zetu hazijalikubali: kwamba wananchi hawa si wajinga wa kuamshwa. Wako macho. Wanangoja ishara kwamba hawako peke yao, na ishara hiyo inapofika, madai ya bima hupungua. Anayewaona abiria kama watu wa kuelimishwa atanunua muda mwingine wa redio. Anayewaona kama watu walio macho lakini wametenganishwa atatafuta namna ya kuwafanya waonane. Na abiria walioonana leo wakamtuliza dereva mmoja, kesho wanaweza kuuliza pamoja kwa nini wenye magari wanamlipa dereva kwa mtindo unaomkimbiza.

NTSA inaweza kuanza na jambo dogo: kibandiko kinachowasemesha abiria kwa pamoja kiwe sharti la kupata leseni ya kubeba abiria, kama ulivyo mkanda. Fedha za Wamarekani wale hazipo tena. USAID ilifungwa mwaka 2025.

Kwenye matatu ile ya Sachangwan nilikagua kuta kabla ya kushuka. Kulikuwa na nembo ya klabu ya Arsenal, onyo la kutovuta sigara, na tangazo kwamba nauli hulipwa mapema. Juu ya dirisha la kushoto palikuwa na alama ya gundi ya kitu cha mstatili kilichobanduliwa zamani.

Ukipanda gari jioni ya leo na mwendo ukakutisha, usianze na dereva. Mgeukie aliye kando yako, mwulize kama naye ameona. Kisha semeni nyote wawili.